Abiria waliozimia kwenye pikapu yetu na bibi aliyekaa dirishani: kisa cha bomba la moshi, Bariadi

Wakuu, mwangaluka. Ndiyo salamu yetu ya asubuhi Usukumani, na hata kama unasoma jioni ipokee hivyo hivyo.

Juzi humu kuna mdau alilalamika kwamba kila akisafiri na familia kwenye gari lake la mtumba wanaumwa vichwa. Watu wakaanza kumshauri akaombewe. Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia. Hilo jambo nilishawahi kuishi nalo, na kidogo linipokonye bibi yangu.

Nitaeleza kama lilivyotokea. Majina nimebadilisha kwa sababu wajukuu wa wahusika nao wana bando. Mengine yote ni ya kweli, chumvi nimeiacha jikoni.

Twende.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Bariadi bado ni wilaya tu ndani ya mkoa wa Shinyanga, habari za mkoa wa Simiyu hakuna aliyezisikia.

Soko huria lilikuwa limeingia kwenye pamba. Kabla ya hapo mnunuzi alikuwa ushirika peke yake, unapeleka pamba unasubiri malipo mpaka unasahau kama ulilima. Ghafla wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake, na kila mmoja anataka pamba ifike jineri leo leo kabla mwenzake hajamzidi kete. (Jineri ni kiwanda cha kuchambua pamba, mbegu zinakwenda huku na nyuzi kule.)

Mwenye gari msimu ule alikuwa mfalme. Na sisi tulikuwa na gari.

Lilikuwa pikapu la petroli, la chuma kitupu, wakongwe wenzangu mnayakumbuka. Mbele wanakaa watatu: dereva, wa katikati anayepakata gia, na wa mlangoni. Vioo vyake ni vile vya kusukuma pembeni. Baba aliuza ng'ombe kulinunua, akaliendesha muda mfupi, akafariki. Mimi nilikuwa nimetoka kujifunza ufundi Mwanza, nikalirithi pamoja na kelele zake.

Nililipenda gari lile, sifichi.

Sasa kuna mtu mwingine lazima mumjue. Bibi yangu, mama yake baba, tumwite Bibi Nyamizi. Yeye ndiye aliyenilea. Mfupi, mgongo umepinda, mdomo hauna breki, na macho yake mekundu.

Nikisema macho mekundu, watu wa Kanda ya Ziwa mmeshanielewa.

Maisha yake yote alipikia miti ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, kwenye jiko lisilo na dirisha. Yale macho yaliiva kwa moshi. Lakini kwetu miaka ile, mwanamke mzee mwenye macho mekundu hakuhesabiwa kuwa mgonjwa. Alihesabiwa kuwa mshukiwa wa uchawi, kesi ndiyo ilikuwa haijafika.

Nilikuwa nampeleka hospitali Bariadi kupata dawa ya macho. Nikiwa na mzigo wa pamba naenda nao, yeye anakaa mbele, mlangoni. Na sharti lake lilikuwa moja: vioo vifungwe. Vumbi la barabara ya kwetu mwezi wa sita na wa saba si mchezo, likimwingia machoni analia njia nzima.

Basi Bibi akipanda, vioo vinafungwa. Asipopanda, vinabaki wazi. Likariri hilo, tutalirudia.

Msimu ulipopamba moto, jineri wakaweka amri mpya getini. Hakuna gari kuingia yadi bila wavu wa chuma ndani ya bomba la moshi.

Kwa kweli sababu yao ilikuwa nzuri. Gari bovu linatema cheche, na yadi imejaa pamba mpaka kwenye paa. Cheche moja tu na mavuno ya wilaya nzima yanageuka majivu. Hapo nje ya geti kulikuwa na mchomeleaji, anakuingizia wavu mdomoni mwa bomba, anaupiga welding, unapita.

Na mimi nikawekewa. Nikaingia, nikashusha mzigo, nikarudi zangu napiga mluzi.

Baada ya wiki kadhaa gari likaanza uvivu. Mlima ambao lilikuwa linaupanda na gia ya tatu likawa linataka ya pili, halafu ya kwanza. Petroli linakunywa kama ng'ombe aliyetoka malishoni kiangazi. Asubuhi ukiliwasha unasikia "tik tik tik" kwenye injini, likipata moto kelele inapotea.

Nikaanza kazi. Nilisafisha plagi, nikasawazisha pointi, nikafungua kabureta na kuipuliza. Kisafisha hewa nilikikuta kimejaa nyuzi za pamba, nikashangilia nikidhani nimemkamata mwizi. Nikakiosha, nikawasha. Uvivu ule ule.

Ila kitu kimoja kilinifariji. Lile gari lilikuwa na moshi mweusi nyuma tangu enzi za baba. Sasa moshi ukawa umepungua, karibu hauonekani. Nikajisemea angalau injini inapona upande mmoja.

Wakuu, moshi ukipungua nyuma bila wewe kutengeneza chochote, usishangilie. Jiulize umeenda wapi.

Hapo ndipo watu wakaanza kuanguka.

Wa kwanza alikuwa karani wa mizani wa mnunuzi mmoja. Alikaa katikati, Bibi mlangoni. Tulipofika Bariadi alishuka akatapika pembeni ya barabara. Tukasema kala kitu kibaya.

Wa pili alikuwa jirani yetu, mama mtu mzima. Katikati vile vile. Alifika kichwa kinamgonga, miguu haimbebi, tukamshika mabega kumteremsha. Tukasema presha.

Wa tatu alikuwa Kabula.

Kabula alikuwa binti wa Mzee Masanja, mtu mwenye sauti kuliko wazee wote pale kijijini. Msichana mwenye nguvu zake, anabeba gunia la pamba kichwani bila kugusa kwa mkono. Alikaa katikati, akaanza kupiga miayo, akaegemea bega langu, nikadhani kasinzia. Nilipofika hospitali nikamwamsha, haamki.

Nilimbeba mikononi mpaka ndani huku napiga kelele. Manesi wakamlaza karibu na dirisha na kumpa hewa, akazinduka. Waliandika ni uchovu na njaa.

Kabula akapona. Maneno ndiyo hayakupona.

Kwa sababu watu wa kijijini si wajinga, wakuu. Walikaa wakapiga hesabu. Karani alianguka, nani alikuwa ndani? Bibi Nyamizi. Yule mama? Bibi Nyamizi. Kabula? Bibi Nyamizi. Na siku ambazo bibi hayumo, gari linajaa watu na hakuna anayepiga hata chafya.

Hesabu yao ilikuwa sahihi kabisa. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba sikuwa na pa kuwakosoa.

Mzee Masanja akaja nyumbani asubuhi. Hakukaa kwenye kigoda alichopewa. Alizoea kumwita bibi "mayu", yaani mama. Siku hiyo hakumwita chochote.

"Kijana, mimi sina ugomvi na wewe," akaniambia. "Lakini binti yangu alikuwa anakufa. Jumapili wazee tunakaa. Huyu atatengwa."

"Mzee wangu, nipe muda niliangalie gari."

"Gari limefanya nini? Gari ndiyo lina macho yale?"

Akaondoka.

Kwa wasiojua kutengwa kwa kwetu: hupigwi. Moto ukizimika hupewi kaa la kuwashia. Kisimani wenzako wanasubiri uondoke. Hakuna wa kukusalimia, na ukifiwa unazika peke yako. Na bibi kizee mwenye macho mekundu akishatengwa, kinachofuata kila mtu anakijua na hakuna anayekitaja kwa sauti.

Nilimwangalia bibi. Alikuwa anachambua mchicha kama vile habari ile ya mtu mwingine. Ila mikono yake ilikuwa inatupa majani na kubakiza vijiti.

Wakuu, hapo nikaapa. Sikuapa kwa mganga. Wapo ndugu waliotaka tumwendee mfumu, mpiga ramli, amsafishe bibi. Nikakataa. Ukienda kusafishwa umekubali ulikuwa mchafu. Nikasema mimi ni fundi, watu wanaanguka ndani ya gari langu, jibu limo ndani ya gari langu. Nitalifungua mpaka skrubu ya mwisho.

Nilianza kwa kumhoji bibi kama polisi.

"Bibi, siku ya Kabula ulisikia nini ndani ya gari?"

"Nilisikia joto miguuni. Nikasogea mlangoni."

"Kichwa je?"

"Kichwa changu kinauma tangu wakati wa mkoloni, nitajuaje kipi ni kipya?"

Akashusha sauti. "Na kuku wangu alikufa."

Kumbe siku ile alikuwa amembebea kuku nesi mmoja aliyekuwa anamtendea wema. Akamfunga miguu, akamweka chini karibu na gia. Kufika hospitali kuku kalegea, amekufa. Bibi akamtupa kimyakimya, kwa hofu kwamba watu wakijua wataongeza na kuku kwenye orodha ya aliowaangusha.

Nikaruka. Kuku! Nani ana kisa na kuku? Tena kuku wake mwenyewe?

Nikakimbia kwa Mzee Masanja kumweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Alikuwa anajaribia dawa."

Mnaona sasa nilikuwa napambana na mtu wa aina gani. Kila mlango nikiufungua ana komeo jingine.

Nikarudi kwenye gari. Joto miguuni, kuku chini karibu na gia, na wote watatu walikaa katikati, wamepakata gia. Na mimi mwenyewe, nikikumbuka vizuri, kichwa kilikuwa kinaniuma safari za bibi, nikidhani ni jua.

Nikaliwasha likiwa limesimama. Pale gia inapotokea sakafuni kuna mfuko wa mpira unaoziba tundu. Wa kwangu ulikuwa umechanika kitambo. Nikachuna pamba kidogo kutoka kwenye gunia, kinyuzi chepesi tu, nikakiweka juu ya lile tundu na kukanyaga mafuta.

Pamba ikaruka. Ikapanda juu ikagusa paa.

Nilikaa pale nikaiangalia ikishuka taratibu.

Nikafungua boneti, nikachukua pamba nyingine. Nikaipitisha polepole kwenye injini, popote moshi unapopita. Pale bomba linapofungwa kwenye manifold, yaani kikusanya moshi cha injini, chini kabisa, pamba ikapigwa teke na upepo. Nikazima, nikaingia chini na tochi. Kiungo chote kilikuwa na masizi meusi yaliyochoreka kama mishipa. Gasketi, ile ya kuziba katikati ya kiungo, ilikuwa imekwisha na nati zimelegea. Ndiyo ile "tik tik" ya asubuhi: chuma kikiwa baridi pengo linakuwa kubwa, kikipata moto kinatanuka linapungua. Linapungua tu, haliishi.

Lakini gasketi mbovu ilikuwepo siku nyingi. Kwa nini msimu huu?

Nikawasha tena, nikaenda nyuma na pamba yangu, nikaishikilia mdomoni mwa bomba. Haikutikisika. Injini inaunguruma na bomba la nyuma halipumui! Nikachungulia na tochi. Ule wavu wa jineri ulikuwa umeziba wote, masizi na nyuzi za pamba vimeshikana kama chujio la chai ambalo halijakung'utwa mwaka mzima.

Basi picha ikakamilika. Moshi ukienda nyuma unakuta mlango umefungwa. Unarudi kutafuta njia, unapenya kwenye gasketi, unapita chini ya sakafu, unaingia ndani kupitia tundu la gia. Vioo vikiwa wazi unapeperuka. Bibi akipanda vioo vinafungwa, na wa katikati anauvuta mzimamzima. Uvivu wa gari ulitokana na hapo hapo, injini inapumulia puani na pua imezibwa.

Najua kuna mdau atauliza mbona bibi hakuanguka, na mbona hatukusikia harufu.

Mlango wa bibi ulishapigwa pembe na fahali enzi za baba, haukukaa vizuri, ulikuwa na upenyo chini ya kitasa. Bibi na mgongo wake uliopinda alikuwa amejifunika macho kwa kanga na pua iko pale pale kwenye upenyo. Mimi kioo changu kilikuwa kimekwama, hakifungi chote. Kuhusu harufu, gari lile lilinuka petroli na moshi tangu lilipozaliwa. Pua zilishazoea. Na ile sumu yenyewe inayoua ndani ya moshi haina harufu, niliyasoma hayo baadaye sana.

Tena asubuhi za kipupwe watu walikuwa wanagombea kiti cha katikati. Kina joto!

Sasa sikilizeni, hapa ndipo palikuwa pagumu kuliko kutafuta.

Nilienda Bariadi, vioo wazi na niko peke yangu, kwa Salum, muuza spea. Akanikatia gasketi na kunipa mpira wa ndani wa tairi wa kushonea mfuko wa gia. Nikarudi navyo na spana mkononi, tayari kufunga.

Nikasimama.

Nikitengeneza leo, Jumapili nitawaonyesha nini? Gari zima. Watasema bibi ameogopa mkutano akaondoa uchawi wake. Mzee Masanja alishanifundisha, kila ushahidi ana pa kuuweka.

Nikarudisha spana kwenye boksi. Gari likabaki bovu. Sikumbeba mtu yeyote mbele mpaka Jumapili, na ilinikereketa kuliacha hivyo, fundi anajua.

Jumapili wazee wakakaa kwenye uwanja wa mizani, juu ya magunia. Kijiji kizima kikaja. Bibi aliketi chini peke yake, nafasi kubwa imemzunguka, watu wameshaanza kumkwepa hata kabla ya hukumu.

Nikaomba kusema. Nikasema bibi abaki hapo hapo mbele ya macho yenu. Mimi natoka na gari, vioo vimefungwa, na mtu mmoja akae katikati. Akirudi mzima, mtengeni bibi na mimi nitengwe naye.

Mzee Masanja akasimama na fimbo yake.

"Nakaa mimi."

Simpendi kwa mambo mengi, lakini uoga hakuwa nao.

(Wakuu, msijaribu hiki kitu. Nilikuwa kijana, na nilikuwa sina njia nyingine. Ule moshi unaua mtu akiwa anatabasamu.)

Tukaondoka. Nilikuwa nimeegemea upenyo wa kioo changu, namwangalia yeye kuliko barabara. Mwanzo alikuwa ananikejeli, "Kijana, naona bado niko hai." Halafu kejeli zikapungua. Akapiga mwayo. Akakunja uso, akashika paji. Nilipomuuliza jambo akajibu jingine. Nikafunga breki, nikamvuta nje, nikamlaza kwenye nyasi. Akatapika chai yote ya asubuhi.

Nikamkalisha nyuma kwenye upepo, tukarudi. Alishuka amenishika bega, uso umekuwa wa majivu.

Nikasema mmeona? Bibi alikuwa hapa!

Sauti moja kutoka nyuma ikajibu, "Lakini gari lilipoondoka alilitazama."

Nilitaka kulia kwa hasira. Sikulia. Nikachukua msumeno wa chuma, nikaingia nyuma ya gari, nikakata mdomo wa bomba mbele ya kila mtu. Nikautoa ule wavu na kuutupa juu ya magunia. Ukapita mikononi mwa wazee mmoja mmoja, kila aliyeushika vidole vikawa vyeusi. Kisha nikaushindilia tena bombani kwa muda, nikawasha injini, nikamwita kila anayetaka aweke pamba juu ya tundu la gia. Waliweka. Wakina mama wanaolima ile pamba, wanaoijua kuliko mimi, waliiona inaruka.

Hapo ndipo nikautoa wavu, nikafunga gasketi, nikakaza nati, nikashona mpira kwenye gia. Hakuna aliyeondoka, waliniangalia kama watu wanaosubiri ng'ombe azae. Nilipowasha, injini iliunguruma kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba alipokuwa hai. Na moshi mweusi ukatoka nyuma. Sijawahi kufurahia moshi mbaya namna ile!

"Sasa bibi apande," nikasema. "Vioo vifungwe vyote, na changu nimekiziba kwa kanga. Nani anakaa katikati?"

Mzee Masanja akaangalia chini. Tumbo lake lilikuwa bado halijamsamehe.

Akatoka Kabula. Yule yule aliyezimia.

"Nakaa mimi," akasema. Baba yake akamshika mkono, Kabula akautoa taratibu. "Baba, kama ni yeye, atanimalizia. Kama siyo yeye, tumemwonea."

Akampa bibi mkono, akamwinua kutoka chini. Alikuwa mtu wa kwanza kumgusa siku ile. Wakapanda.

Nilienda nao mbali kuliko nilivyoenda na baba yake, mpaka kwenye mlima, gia ya tatu, gari linapanda linaimba. Nikageuza. Kabula hakupiga mwayo hata mmoja. Alikuwa anamuuliza bibi dawa ya kuzuia wadudu kwenye maharage, na bibi anamjibu kwa ukali kwa sababu ndivyo alivyojibu kila kitu.

Tuliporudi Kabula aliruka chini mwenyewe, akazunguka, akamteremsha bibi. Watu wakapiga vigelegele, wale wale.

Mzee Masanja akasogea mbele ya bibi. Nilisubiri aombe radhi. Akasema tu, "Mayu, mwadila," salamu ya mchana, kwa lile jina la mama alilokuwa ameacha kumwita. Bibi akaitikia. Mkutano ukafungwa hapo.

Kuhusu jineri, nilienda kuwaeleza getini. Nikawekewa wavu mwingine, safari hii wa kufunga kwa bolti, nikawa nauchomoa na kuukung'uta mara kwa mara. Madereva wenzangu waliposikia wakafanya hivyo hivyo.

Sasa funzo. Una gari la zamani na watu wako wanaumwa vichwa, wanasinzia ovyo, wanatapika? Simama, fungua vioo, washushe. Kisha angalia bomba la moshi lote kuanzia manifold mpaka mdomoni. Sikiliza "tik tik" ya asubuhi. Tafuta masizi kwenye viungo. Ziba kila tundu la sakafu. Huna vifaa? Pamba ya dukani inatosha.

Na jingine. Watu wakikuletea hesabu, usikimbilie kusema ni wajinga. Hesabu ya kijiji changu ilikuwa sahihi, jibu ndilo lilikuwa baya. Ningewatukana bibi angetengwa.

Nimalizie na hili, ndilo lililonifanya niandike.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya pale. Nikawa bado nampeleka hospitali kwa pikapu lile lile. Safari ya kwanza baada ya mkutano nilimfungia kioo kama kawaida, akakisukuma akakifungua. Nikakifunga, akakifungua. Vumbi linaingia, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

Nikamwambia, bibi, gari limepona, uliona mwenyewe.

Akajifuta kwa kanga. "Gari nimeona limepona. Watu bado sijawaona wakipona. Akisinzia mtu humu kesho, ni mimi tena."

Hakukubali kufungiwa kioo tena mpaka anaingia kaburini.

Haya wakuu, mafundi rekebisheni nilipokosea, na wenye visa vya namna hii wekeni hapa tusome. Ila kama kwenye gari lako kuna mzee anayeacha dirisha wazi na vumbi linamliza, kabla hujamgombeza, muulize kwanza anamwogopa nani.